Vyungu vitatu, kibandiko kimoja: attenuata, fasciata na Aristaloe

Swali: Nina sakulenti (mimea inayohifadhi maji kwenye majani manene) tatu zenye madoa meupe, na zote zilikuja na kibandiko kilichoandikwa Haworthia fasciata. Mmea wa kwanza una majani marefu membamba, umejaza chungu kwa vitoto, na tangu niusogeze dirishani umegeuka mwekundu wa kahawia. Wa pili una majani manene yaliyojikunja kwa ndani, hauzai vitoto, na sasa unacheza nikiugusa. Majani ya chini yamekuwa ya njano na tepetevu. Wa tatu una majani mengi yenye uzi mweupe nchani, nao umejifunga kama kitunguu. Yote naimwagilia siku moja, mara moja kwa wiki. Je, ni mmea mmoja? Niitunzeje, na je, naweza kuizalisha kwa majani?

Jibu: Si mmea mmoja. Kwa jinsi ulivyoieleza, wa kwanza ni Haworthiopsis attenuata, na wa tatu ni Aristaloe aristata, ambao hata si wa jenasi (kundi la spishi zenye udugu wa karibu) moja na wenzake. Wa pili ndio wenye utata: huenda ni Haworthiopsis fasciata ya kweli, huenda ni attenuata iliyokulia kwenye jua kali. Jibu utalipata kwenye jani lake, si kwenye kibandiko.

Lakini huo wa pili unaoza hivi sasa. Kabla hujasoma zaidi, utoe kwenye chungu, kung'uta udongo wote, uulaze kivulini penye hewa. Mmea wa aina hii hauumii ukikaa wiki nzima bila udongo. Ukikaa siku chache zaidi kwenye udongo mbichi, unaweza kufa.

Ukucha kwenye upande wa ndani

Wengi huangalia michirizi myeupe iliyo nje ya jani, kwa kuwa ndiyo inayovutia. Michirizi hiyo haikusaidii kutenganisha attenuata na fasciata, maana zote mbili zinayo. Angalia upande wa ndani, yaani ule unaotazama juu, kuelekea moyo wa mmea. Chagua jani lililokomaa katikati ya duara, si changa la moyoni wala kuukuu la chini, kisha pitisha ukucha polepole kutoka tako la jani hadi nchani. Kwenye fasciata upande huo ni laini, kijani kitupu, na ukucha unateleza. Kwenye attenuata utasikia mikwaruzo. Kuna vinundu vidogo, vingine vyeupe, vingine vya rangi ileile ya jani kiasi kwamba jicho halivioni mpaka mwanga uanguke kutoka ubavuni. Ndiyo maana nasisitiza ukucha.

Umbo ni shahidi wa pili, na wakati mwingine ni shahidi wa uongo. Jani la fasciata ni fupi, pana kwenye tako, nene, la pembetatu, na majani yote hujikunja kuelekea ndani kama vidole vinavyokusanya kitu. Jani la attenuata ni refu zaidi, linachongoka taratibu (ndiyo maana ya jina lake la Kilatini, «iliyokondeshwa»), na hutanuka kwenda nje. Tatizo ni kwamba umbo hufuata mwanga na maji. Attenuata iliyokaa juani na kunyimwa maji hujikunja hata ikaonekana fasciata kabisa. Fasciata iliyokaa gizani hufunguka na kurefuka. Kwa hiyo usiamue kwa umbo mpaka mmea uwe umeishi kwenye mwanga mzuri kwa msimu mzima wa kukua.

Shahidi wa tatu ni nyuzi. Ukiwa bado na shaka, chukua jani zima la chini ambalo ungeliondoa hata hivyo, ulivunje taratibu kwa kulivuta. Jani la fasciata lina nyuzi nyembamba ngumu zinazobaki zikining'inia kati ya vipande viwili. La attenuata huvunjika kwa usafi zaidi. Jani moja linatosha, na usilivunje ikiwa ukucha umeshakupa jibu.

Ukipata mikwaruzo upande wa ndani, huo mmea wa pili ni attenuata, hata kama kila kitu kingine kinasema fasciata. Idadi kubwa ya mimea inayouzwa kwa jina la fasciata ni attenuata, na sababu yake inaeleweka. Attenuata huzaa vitoto kwa wingi, hivyo ni rahisi kuizalisha kwa maelfu, ilhali fasciata huzaa vichache na kwa kuchelewa. Jina likishakosewa kwenye mmea mama, linanakiliwa kwenye kila kitoto. Chotara nao wapo. Mmea ukikupa dalili zinazopingana, uandike Haworthiopsis tu bila jina la pili. Jina pungufu lililo sahihi ni bora kuliko jina kamili la kubuni.

Attenuata yenyewe ina sura nyingi, na hapo watu hudhani wana spishi mpya. Kuna yenye michirizi mipana iliyoungana kama pete, kuna yenye vinundu vilivyotawanyika, na kuna aina iitwayo var. radula, yenye vinundu vidogo sana na vingi, jani lake ukilipapasa ni kama msasa. Zote hutunzwa vilevile.

Sasa Aristaloe. Huu ukishaujua huwezi kuuchanganya tena. Kingo za majani yake zina meno laini meupe yasiyochoma, na kila ncha inaishia kwa uzi mkavu mweupe. Attenuata na fasciata hazina meno hayo wala uzi huo. Maua ndiyo yanayomaliza ubishi. Ua la Haworthiopsis ni dogo, la urefu wa kama sentimita moja na nusu, jeupe lenye mistari ya kijani au kahawia, mdomo wake umegawanyika juu na chini. Ua la Aristaloe ni mrija mrefu wa rangi ya chungwa inayoelekea wekundu, linaloning'inia kama maua ya mshubiri. Mmea wako wa tatu ukitoa shina la maua ya rangi hiyo, hakuna haja ya kuangalia kitu kingine.

Usishangae kwamba kibandiko kimeandika Haworthia huku mimi naandika Haworthiopsis. Jenasi ya Haworthia iliundwa na mtaalamu wa mimea Henri Auguste Duval mwaka 1809, kwa heshima ya Adrian Hardy Haworth, mtaalamu wa mimea Mwingereza aliyeishi kati ya 1767 na 1833. Kwa muda mrefu mimea hii yote midogo iliwekwa humo. Uchunguzi wa vinasaba ulipoonyesha kwamba kundi hilo halikuwa ukoo mmoja, mtaalamu wa sakulenti Gordon Rowley alilihamishia Haworthiopsis kundi la majani magumu mwaka 2013; maua ya kundi hilo yana tako lenye pembe sita. Aristaloe ilitengwa na Aloe mwaka 2014. Majina ya zamani bado yanatumika kwenye vibandiko vingi, na ukitafuta habari za mimea hii tafuta kwa majina yote mawili.

Kuna mingine itakayokuchanganya baadaye ukiendelea kukusanya. Haworthiopsis limifolia ina majani mapana yenye matuta ya kukatiza jani kwa upana kama tupa. Haworthiopsis reinwardtii na coarctata hukua kama nguzo ndefu zilizofunikwa majani. Ya kwanza ina vinundu vikubwa zaidi, bapa na vyeupe, ya pili ina vidogo vya mviringo. Tulista pumila ni kubwa na ngumu, na vinundu vyake ni kama lulu zilizotawanywa pande zote za jani. Gonialoe variegata ina majani yaliyopangwa kwa safu tatu, yamekunjwa katikati kama mtumbwi, na weupe wake ni rangi tu, huwezi kuupapasa. Gasteria carinata var. verrucosa ina vinundu vingi vyeupe, lakini majani yake hupangwa kwa safu mbili, huku na huku, na ua lake limevimba kama kitambi. Ukihesabu safu za majani umeshatupa nje nusu ya uwezekano kabla hujagusa chochote.

Kuuokoa mmea wa pili

Mmea unaocheza chunguni hauna mizizi hai ya kutosha. Mizizi inahitaji hewa kama inavyohitaji maji, na udongo ukibaki umejaa maji kwa siku nyingi, ncha za mizizi hufa kwa kukosa oksijeni, kisha kuvu huingia kupitia tishu zilizokufa na kupanda hadi shinani. Mimea hii pia ina tabia ya kuacha sehemu ya mizizi yake ya zamani ife na kuotesha mipya. Kwenye udongo mkavu mizizi hiyo mifu hukauka tu. Kwenye udongo mbichi huwa mlango wa uozo. Kwa hiyo huenda maji uliyotoa si mengi kwa kipimo. Yalikaa tu muda mrefu mno mahali pamoja.

Osha mmea kwa maji ya kawaida. Ng'oa kila jani la njano au tepetevu kwa kulivuta upande mmoja kisha wa pili, mpaka ubaki na majani magumu pekee. Halafu chunguza mizizi: ulio hai ni mnene, mgumu, wa rangi ya maziwa au kahawia hafifu, uliokufa ni mtupu ndani, ngozi yake inavuliwa na kubakiza kijiuzi. Kata yote iliyokufa. Kisu kifutwe kwa alkoholi ya asilimia 70 kabla ya kuanza na baada ya kila mkato uliopita kwenye uozo, kwa sababu kisu chenyewe huhamisha ugonjwa.

Kisha angalia tako la shina. Likiwa gumu na safi, liache. Likiwa na kahawia au harufu, kata kipande chembamba, tazama, kata tena, mpaka uso wote uwe mweupe au kijani hafifu bila duara wala nukta ya kahawia. Usionee huruma hapa. Nukta moja ya kahawia iliyoachwa inatosha kuumaliza mmea baada ya wiki mbili. Ukiwa na unga wa salfa, pakaza kidogo kwenye jeraha. Usipokuwa nao, hewa kavu inatosha.

Acha jeraha likauke kivulini siku 5 hadi 7, na ikiwa umekata shina kwa upana, siku 10. Uso unapaswa kuwa mkavu na mgumu kama ngozi. Kisha kalisha mmea juu ya mchanganyiko mkavu wa kokoto, tako liguse tu bila kuzikwa, na uuegemeze kwa vijiwe usianguke. Subiri wiki moja nyingine ndipo unyunyize maji kidogo kandokando, si chini ya shina. Rudia kila siku 7 hadi 10. Mizizi mipya huonekana baada ya wiki 3 hadi 6, na kwa fasciata inaweza kuchukua zaidi.

Katika kipindi hicho majani yatakunjamana, na hapo ndipo watu huua mmea ambao ulikuwa umeshapona: wanaona mikunjo, wanamwaga maji. Mmea usio na mizizi hauwezi kuyanywa. Unaishi kwa maji yaliyo ndani ya majani yake, na yanautosha kwa miezi. Dalili ya kupona ni kwamba ukiusukuma kwa kidole hauchezi, na majani ya moyoni yanakuwa na kijani king'avu. Kuanzia hapo mwagilia kama kawaida. Mbolea isubiri miezi mitatu.

Wekundu wa mmea wa kwanza

Hiyo ni rangi ya kinga. Jani likipokea mwanga mwingi kuliko linavyoweza kutumia, hutengeneza anthosiyanini, rangi nyekundu ya zambarau inayopunguza mwanga unaoifikia klorofili. Si ugonjwa. Lakini wekundu huohuo hujitokeza pia mizizi inapokufa, kwa hiyo usiishie kwenye rangi, bonyeza jani. Jani jekundu lililojaa na gumu linasema mwanga umezidi tu. Jani jekundu lililokonda na kukunjamana, ambalo halijai hata siku tano baada ya kumwagiliwa, linasema hakuna mizizi; toa mmea uangalie chini.

Ukitaka kijani kirudi, usogeze nyuma ya dirisha kama nusu mita au weka pazia jepesi. Hurudi baada ya wiki kadhaa. Kama rangi unaipenda na majani yamejaa, unaweza kuuacha ulivyo, ila utakua polepole zaidi. Kitu cha kuogopa ni kuungua: mabaka makavu meupe au ya kahawia upande mmoja tu, ule unaoelekea jua. Hayo hayaponi, na jani litabaki na kovu hadi lizeeke.

Attenuata na fasciata hupenda mwanga mwingi uliochujwa, na jua la moja kwa moja la asubuhi kwa saa mbili hivi huzifaa sana. Jua la mchana kupitia kioo ni kali mno kwazo kwa sababu joto hujikusanya. Kila ukihamisha mmea kwenda penye mwanga zaidi, ongeza taratibu kwa wiki mbili au tatu. Upungufu wa mwanga nao una sura yake: majani yanalala chini, moyo unapauka, na nafasi kati ya majani inatanuka. Jani lililorefuka hivyo halifupiki tena. Unaloweza kurekebisha ni yale yatakayoota kuanzia sasa.

Udongo na maji

Udongo wa bustani peke yake haufai, wala mboji tupu. Changanya sehemu mbili za punje za mawe na sehemu moja ya mboji iliyoiva na kuchekechwa. Punje ziwe za milimita 3 hadi 6: jiwe la volkano jepesi lililopondwa, pelaiti (punje nyeupe nyepesi za jiwe lililochomwa), au kokoto kali za granaiti. Pitisha kwenye chekeche na utupe vumbi lote, maana vumbi ndilo linaloziba nafasi za hewa. Mchanga laini usiutumie kabisa. Unajaza nafasi hizohizo unazozitafuta, na mchanga wa baharini una chumvi juu ya hilo. Ukimwaga maji juu ya mchanganyiko mzuri, yanapotea ndani ya sekunde chache, hayafanyi kidimbwi.

Kwa fasciata usiweke chokaa wala vipande vya mawe ya chokaa. Asili yake ni udongo wa kichanga wenye asidi kusini mwa Afrika Kusini, na kwenye udongo wa chokaa hudumaa. Attenuata inatoka ukanda wa karibu na huko lakini si mchaguzi kiasi hicho.

Chungu kiwe na tundu chini, na kipana kuliko mizizi kwa sentimita 1 hadi 2 tu. Chungu kikubwa hubeba udongo mwingi usio na mizizi ya kuunyonya maji, na huo ndio unaokaa mbichi. Usiweke safu ya kokoto kubwa chini ukidhani inasaidia maji kutoka. Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo wa vitundu vidogo kwenda kwenye kokoto za vitundu vikubwa. Hung'ang'ania juu ya safu hiyo mpaka udongo ulowe kabisa. Safu hiyo inapandisha unyevu karibu na shina, kinyume cha ulivyokusudia. Jaza mchanganyiko mmoja kutoka chini hadi juu.

Kuhusu siku ya kumwagilia: kuimwagilia yote kwa siku moja ndiko kulikokuponza. Vyungu vitatu havikauki kwa mwendo mmoja. Chungu kidogo cha udongo wa kuchoma kilichojaa mizizi kinaweza kukauka kwa siku nne, na cha plastiki chenye mmea mdogo kikabaki kibichi wiki mbili. Chukua kijiti kikavu cha mbao, kichomeke hadi chini ya chungu, kiache dakika kumi, kitoe. Kikitoka na giza la unyevu au punje zimeganda, subiri. Kikitoka kikavu, ongeza siku mbili au tatu, kisha mwagilia mpaka maji yatiririke chini, na umwage yaliyobaki kwenye kisahani. Baada ya mara chache utazoea kuinua chungu na kujua kwa uzito, na kijiti hutakihitaji. Maji kidogo kidogo kila siku mbili ni mabaya kuliko maji mengi ya mara moja: juu panabaki pabichi na mizizi ya chini inakufa kwa kiu.

Attenuata na fasciata hukua vizuri kati ya nyuzijoto 18 na 28. Joto likizidi 32 kwa siku nyingi mfululizo, au likishuka chini ya 10, hupunguza kazi, na wewe punguza maji. Hii ni mimea inayofungua vitundu vyake vya hewa usiku, wakati kumepoa, ili isipoteze maji mchana; usiku wenye joto kali huivuruga, na maji mengi wakati huo hukaa tu bila kunywewa. Mbolea ni jambo dogo hapa: robo ya kipimo kilichoandikwa, yenye naitrojeni kidogo, kila wiki 4 hadi 6 wakati mmea unakua, na siyo kabisa wakati umelala au unaumwa.

Aristaloe iliyojifunga

Kujifunga kama kitunguu ni namna yake ya kukabiliana na ukame: majani ya nje hufunika moyo na kupunguza uso unaopoteza maji. Kwa kuwa unaumwagilia kila wiki, swali ni kama maji yanaingia kweli. Mboji iliyokauka sana hukataa maji. Yanapita pembeni mwa chungu na kutoka chini huku katikati pamebaki pakavu. Kalisha chungu kwenye beseni lenye maji ya kufika nusu ya kimo chake kwa dakika 20, kitoe, kichuje. Ukifunguka ndani ya wiki moja, ilikuwa kiu. Usipofunguka, angalia mizizi kama nilivyoeleza kwa mmea wa pili.

Huu hutofautiana na wenzake kwa mambo mawili. Unataka mwanga zaidi, na unavumilia baridi kuliko wao kwa mbali, kwa sababu asili yake inafika hadi nyanda za juu za Lesotho. Udongo ukiwa mkavu hustahimili hata baridi ya chini ya sifuri. Hunywa maji zaidi ukiwa unakua. Usiache maji yakae katikati ya majani yake mengi usiku, maana yamebanana na hewa haipiti. Ncha zilizokauka na nyuzi zake zisikutishe, ndivyo ulivyo, usizikate.

Kuzalisha

Kwa attenuata, sahau majani. Una chungu kilichojaa vitoto, na kitoto chenye mizizi yake kinakupa mmea kamili kwa mwezi mmoja. Subiri kifikie theluthi ya ukubwa wa mama, toa mmea wote chunguni, tafuta kinapoungana na mama, kizungushe taratibu au kikate kwa kisu safi. Kama kina mizizi, kikaushe siku 3. Kama hakina, siku 7. Panda kwenye mchanganyiko mkavu na umwagilie baada ya siku 5.

Jani la attenuata au fasciata linaweza kuota, lakini mara nyingi linashindwa, kwa sababu lazima litoke na kijisehemu cheupe cha tako lake kilichoshikana na shina. Likikatika juu ya hapo halina mahali pa kutolea chipukizi. Hata likifanikiwa ni miezi mitatu au minne kabla hujaona kitu. Jani la Aristaloe usijisumbue nalo. Tenga vitoto vyake. Kama hamu yako ni kujifunza kuotesha majani, anza na Gasteria, ambayo hukubali kwa urahisi, au limifolia. Kausha jani siku 7 hadi 10, lilaze juu ya mchanganyiko mkavu, nyunyiza kidogo mara mizizi inapochungulia.

Mbegu zinahitaji mimea miwili yenye asili tofauti, kwa kuwa mingi haijichavushi. Kitoto na mama yake huhesabiwa kama mmea mmoja. Ukiacha wadudu wafanye kazi mahali penye spishi kadhaa zinazochanua pamoja, utapata chotara, na hapo utata wa majina unaanza upya.

Wadudu

Kwenye makwapa ya majani tafuta vidung'ata, wadudu weupe wanaofanana na pamba. Waguse mmoja mmoja kwa kijiti cha pamba kilichochovywa alkoholi ya asilimia 70, jioni, na rudia kila siku 7 hadi 10 mara tatu, kwa sababu mayai hayafi yote kwa mkupuo wa kwanza. Walio hatari zaidi ni wanaokaa mizizini. Huwaoni mpaka utoe mmea na kukuta unga mweupe kwenye mizizi na ukutani mwa chungu. Hao wanaondolewa kwa kuosha mizizi yote, kutupa udongo ule, na kusugua chungu kwa maji moto na sabuni. Kwa kuwa mimea yako mitatu ilitoka sehemu moja, toa na huo wa kwanza uukague hata kama unaonekana mzima.

Ukimaliza, ondoa vibandiko vile vitatu. Andika vipya kwa penseli, maana wino hufifia juani: kwenye kila kimoja tarehe ya leo, tarehe uliyobadilisha udongo, na jina ulilothibitisha kwa ukucha. Kwenye cha mmea wa pili acha nafasi ya jina wazi mpaka mmea uote mizizi na kutoa majani mapya matatu au manne kwenye mwanga mzuri. Majani hayo yakishakomaa, ndiyo utakayoyapapasa.